Milio Miwili ya Ijumaa

Nianze na kosa langu, nisije nikalizunguka. Simu ya nyumbani kwetu Chumbageni niliikata mimi. Barua ya kuomba ikatwe niliiandika kwa mwandiko wangu wa kialimu, nikaipeleka kwa miguu yangu, na waliponiuliza kama nina hakika nikawajibu ninayo. Mama alikubali tu, na alikubali kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma na mimi ndiye niliyekuwa nikilipia bili. Watu huniambia ni kadari ya Mungu. Huwa naitikia ndiyo, kisha naendelea kujilaumu kama kawaida.

Simu ile iliwekwa nyumbani miaka ambayo madukani hamna kitu. Baba alikuwa karani wa ofisi ya mkonge, na mkubwa wake alitaka ampate hata akiwa nyumbani, ndiyo maana tukapata laini ambayo watu wenye uwezo kuliko sisi walikuwa wakiisubiri miaka. Sabuni tunapanga foleni, sukari ya kugaiwa, unga ni ule wa njano ambao mama alikuwa akiusonga huku amenuna, lakini simu tunayo. Nyeusi, nzito, imekaa juu ya kimeza chake na kitambaa cha kufuma chini yake. Mtaa mzima ulikuwa na simu hiyo moja, kwa hiyo haikuwa yetu peke yetu.

Mtu wa mtaani akipigiwa kutoka Pangani, Dar es Salaam au Unguja, anapigiwa kwetu, na mimi ndiye mkimbiaji. Nalaza mkonga wa simu mezani, natoka mbio miguu mitupu, napiga kelele tangu barabarani: "Simu! Simu yako!" Nilijiona mtu muhimu sana. Mama alikuwa na sheria moja tu kuhusu simu yake. Mtu wa harusi anaweza kuambiwa apige baadaye, mtu wa biashara anaweza kuambiwa mwenyewe hayupo hata kama yupo anakula, lakini aliyepiga kutoa habari ya kifo hakatwi wala haharakishwi. Laini ni yake mpaka amalize. Mama aliletwa Tanga kutoka Pemba akiwa bibi harusi, na kifo cha mama yake mzazi alikijua kwa barua, mazishi yameshapita wiki mbili. Hakutaka mwingine yamfike yale.

Ndugu yangu ni mmoja, kaka aliyenitangulia. Mashamba ya mkonge yalipoanza kuuzwa, ofisi ya baba ilifungwa. Baba akarudi nyumbani na bahasha na saa ya ukutani, na mwaka haukuisha akafariki. Kaka alikuwa amemaliza shule, kazi hamna, anashinda bandarini akitafuta kibarua. Siku moja akatoka asubuhi na hakurudi. Mama alizunguka hospitali, akazunguka polisi, akaweka nadhiri. Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha simu ilipolia, na sauti ya kaka ikasema yuko Durban, amezamia meli, yu mzima, asamehewe.

Mama alimtukana, akalia, akamsamehe, yote kwa pumzi moja.

Tangu siku ile simu yetu ikawa na kazi nyingine. Kaka hakuwa na karatasi za kuishi kule, hakuwa na anwani, leo analala kwa huyu kesho kwa yule, mara amepata meli, mara ameteremshwa. Sisi hatukuweza kumpigia wala kumwandikia. Yeye kuandika angeweza, lakini sanduku la posta alilolijua lilikuwa la ofisi ya baba, nalo lilikwenda pamoja na ofisi, na hata hivyo kaka hakuwa mtu wa kalamu. Kilichobaki ni ile namba ya nyumbani aliyoijua kwa moyo tangu utoto. Wakapatana na mama. Kila Ijumaa baada ya swala, akiwa nchi kavu, atapiga, iite mara mbili, akate. Asipokelewe, kwa sababu ikipokelewa pesa yake inakwenda. Kuzungumza ni Idi mbili za mwaka, basi.

Milio miwili, kisha kimya. Kwa miaka hiyo, hiyo ndiyo iliyokuwa mwana wa mama. Kila Ijumaa alikaa kando ya kimeza, tasbihi mkono mmoja, na mkono wa pili ameuweka juu ya simu. Hakuuweka ili apokee. Aliuweka kutuzuia sisi na wageni. "Usiguse wewe! Wamlia mwenzio pesa zake." Ikilia na kukatika anasema, "Alhamdulillahi, mzima," anainuka kwenda kupakua wali. Ijumaa isipolia, tunajiambia yuko baharini, na wali unapakuliwa bila mazungumzo.

Mimi nikasoma ualimu, nikapangiwa shule ya Pongwe. Nikawa naondoka alfajiri na kurudi jioni, na mshahara wangu ndio uliokuwa ukilisha nyumba pamoja na vitumbua vya mama. Bili ya simu ilikuja kila mwezi hata kama hatukumpigia mtu, maana laini yenyewe ilikuwa na kodi yake. Kisha minara ya simu za mkononi ikaanza kusimama mjini, na mwalimu mwenzangu mmoja akaja na yake, ameivalisha kiganda cha ngozi na kuichomeka kiunoni. Haina kodi, akatuambia. Unaweka vocha ukitaka kupiga, na kupokea ni bure.

Nilipiga hesabu usiku na mchana, na kila nikipiga simu ya mezani ilikuwa inashindwa. Nikisema nilitaka kubana matumizi nasema kweli, ila ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka simu ilie ndani ya mkoba wangu mbele za watu. Nilikuwa msichana wa mshahara na nilitaka ijulikane.

Mama aliniuliza swali moja. "Na mwanangu?"

"Tutampa namba mpya."

"Mtampa vipi, na kusema naye ni mpaka Idi?"

"Akipiga Ijumaa nitainua kabla hajakata. Pesa yake ya dakika moja haitamfilisi, mama."

Alishika tama, akafikiri, akasema haya. Nikapeleka barua, laini ikapangiwa kukatwa mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki Ijumaa mbili, na mimi nikaona mbili ni nyingi.

Ijumaa ya kwanza kaka hakupiga. Tulijiambia yuko baharini.

Ijumaa ya pili niliomba ruhusa shuleni, nikafika nyumbani kabla ya adhana. Namba mpya niliiandika kwa wino mwekundu kwenye karatasi, tarakimu kubwa kubwa, ingawa nilikuwa nimeshaihifadhi. Nikakaa mkono tayari. Mama alikaa upande wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu kaka aondoke hakunizuia. Alisema tu, "Uwahi. Yule ana mkono mwepesi."

Watu walikuwa wanarudi kutoka msikitini, nawasikia wakisalimiana dirishani. Simu ikalia. Nikaikamata mlio wa kwanza haujaisha, nikapiga ukelele, "Kaka, usikate! Andika namba!"

Hakuwa kaka. Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, ya taratibu. "Assalamu alaikum, binti yangu. Napiga kutoka Pangani. Naomba uniitie dada yangu hapo jirani. Mama yetu ametutoka."

Jirani mwenyewe ni mwanamke tuliyemwita shangazi, ukuta wake na wetu umegusana. Nilisimama na mkonga sikioni. Nilitaka kumwambia yule baba apige baada ya nusu saa. Maneno yalishafika kwenye meno, na sitajipaka wema ambao sikuwa nao.

Mama alinitazama. "Msiba?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kamwite."

"Mama, na kaka?"

"Nakwambia kamwite mwenzio. Mamake kafa."

Nikaulaza mkonga mezani, nikatoka mbio kama zamani. Shangazi alikuwa anaoga. Alikuja na maji mwilini, kanga ameivaa nje ndani, akaupokea mkonga, akasikiliza, akakaa chini sakafuni. Alilia, akauliza, akalia tena. Alitaka kujua homa ilianza lini, nani alikuwa naye, alikula nini mara ya mwisho, alimtaja nani. Kaka yake naye alimjibu moja baada ya jingine, bila haraka. Mama alikaa naye sakafuni, amemshika mabega, anamwambia, "Lia, mwanangu, lia." Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani, ile ya baba.

Shangazi alipoweka mkonga chini, wakati wa kaka ulikuwa umepita. Tulikaa mpaka magharibi. Simu ililia mara tatu, zote za msiba.

Jumatatu mafundi wakaja, mmoja mzee, mwingine kijana. Mambo mengine ya serikali yalikuwa yakichukua miezi, hili lilifika siku yake. Mama akaniita chumbani, akafunga pazia ili wageni wasisikie. "Waambie wangoje Ijumaa moja. Moja tu."

"Mama, mwezi mpya ukiingia na kodi imeingia."

"Nitauza vitumbua vya ziada."

"Kaka si mtoto. Akiikosa atatafuta njia nyingine."

"Njia gani?"

Swali hilo lilinikasirisha. Nilimwambia amenichosha na simu yake. Maneno hayo nilimwambia mama yangu. Nilipotoka chumbani yule fundi mzee, ambaye bila shaka alisikia, akasema, "Dada, kama mna shida sisi tunaweza kupita wiki ijayo. Si neno."

Nikamwambia, "Kata tu, mzee wangu."

Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta mama amekaa palepale kwenye kimeza, simu ya mkononi ameiweka juu ya kitambaa cha kufuma. Ililia kweli, ni mwalimu mwenzangu akiulizia daftari la mahudhurio. Mama hakuhama mahali pake kwa miezi. Idi ndogo ikaja, tukavaa, tukapika, hatukwenda kwa mtu. Alikaa na simu kutwa. Wageni waliokuja kutoa mkono wa Idi aliwapokea akiwa amekaa, kitu ambacho hajawahi kufanya. Jioni akaniuliza kama ile simu inafanya kazi sawasawa. Nikaenda kwa shangazi, ambaye sasa naye alikuwa na ya mkononi, nikajipigia, ikalia. "Umeona?" nikamwambia. Akasema ameona.

Baada ya Idi kubwa nilikwenda kwenye ofisi ya simu kuiomba namba yetu irudi. Waliniambia kwa adabu kwamba namba ile haitumiki tena, nikitaka laini niombe upya na nitapewa namba nyingine. Nilitoka, nikakaa kwenye ngazi za lile jengo, nikalia mchana kweupe. Mtu mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Mwaka ukapita na wa pili ukaisha. Kisha asubuhi moja ya Jumamosi, mama anakaanga vitumbua uani na mimi nasahihisha madaftari sebuleni, nikasikia hodi. Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, mkoba wa plastiki mkononi, kofia ameivua. Nikamkaribisha. Hakukaa. Akasema ametafuta nyumba hii tangu jana, akielekezwa kwa jina la marehemu baba. Akaniuliza kama mimi ndiye binti. Nikasema ndiye.

"Basi pole, dada yangu," akasema. "Poleni sana na msiba wa mama. Najua ni wa zamani, lakini nilikuwa nimefungwa, nimerudishwa nchini mwezi huu tu. Kaka yako aliniagiza nifike nitoe mkono wa pole kwa niaba yake."

"Msiba wa mama gani?" nikamuuliza.

Mama alikuwa ameshatokea mlangoni, upawa mkononi, unga hadi kwenye viwiko. Yule mtu akamwamkia, "Shikamoo, mama." Mama akaitika marahaba. Kisha akasema, "Msiba wa mama gani, baba?"

"Wa mama mwenye nyumba hii."

"Ndimi," mama akasema.

Mgeni wetu alikaa bila kukaribishwa mara ya pili. Ilibidi nimpe maji. Alituhadithia huku anamtazama mama kwa wasiwasi. Alikuwa baharia, akilala chumba kimoja na kaka kule Durban. Kaka alikuwa akipiga simu nyumbani kila Ijumaa, na wenzake walikuwa wakimtania kwa hilo. Ijumaa moja aliikuta laini ina mtu, akarudi anacheka, anasema leo nyumbani kuna shughuli. Ijumaa iliyofuata akaambiwa namba hiyo haipo. Akapiga tena, na tena, akamaliza kadi, akaazima ya mwenzake. Siku tatu hakula.

"Tulimwambia huenda mmehama, huenda waya umeibwa," akasema. "Akakataa. Alisema mama yake alikwishamwambia."

Nilikumbuka hapohapo. Ilikuwa Idi, bili ilikuwa kubwa, na kaka alikuwa amemwambia mama, akijua hali yetu, kwamba ikibidi simu ikatwe asijali. Mama akamjibu kwa kelele zake za simu, mimi nikiwa nimesimama pembeni nacheka: "Simu hii haikatwi na mimi ni hai! Ukiona imekatwa, nisomee hitma." Yalikuwa maneno ya mama kumtia mwanawe moyo. Yeye aliyachukua kama wasia.

Kwa hiyo alimsomea. Baharia yule alitueleza yote. Waswahili wa kule walichanga, wakachinja mbuzi, wakasoma hitma msikitini. Katika ule mkoba wa plastiki mlikuwa na udi na msahafu mdogo, ambavyo kaka alivituma vije nyumbani kwa ajili ya mama.

Mama aliweka upawa chini. Aliuliza, "Watu walikuwa wengi?"

"Wengi sana, mama. Nje walijaa."

"Walikula nini?"

"Pilau."

"Nani aliyesoma?"

Akamtajia. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama anayeulizia shughuli ya jirani. Kisha akauliza, "Alilia?"

Yule mtu aliinamisha uso. "Alilia, mama. Tulimshika."

Nikauliza kaka yuko wapi sasa. Hakujua. Baada ya hitma alipata meli ya mbali na kuondoka. Siku ya kuagana alimwambia kwamba Tanga hana tena cha kukirudia, na mdogo wake ni mwalimu, ana maisha yake. Nilimpa namba zetu zote, nikamwandikia kwenye karatasi nne tofauti, nikamwomba amtafute kila baharia anayemjua. Akaniapia. Naamini alijitahidi.

Alipoondoka mama alibaki amekaa, udi ameuweka mapajani. Vitumbua vilikuwa vinaungua uani na harufu imejaa nyumba nzima. Nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia ni mimi, nilimnyima Ijumaa moja, na angepiga, mama, angepiga Ijumaa ileile. Akaniwekea mkono kichwani na unga wake. "Nyamaza," akasema. "Sasa nani atakwenda kumwambia kuwa sijafa?"

Hakuwahi kunilaumu, si siku ile wala baadaye. Ningepata nafuu kama angalau siku moja angenipigia kelele. Alirudi kwenye vitumbua vyake, akazeeka haraka, akaacha kukaa kwenye kile kimeza siku za Ijumaa. Mimi nilipiga simu Durban kila nilipopata namba ya mtu, ya msikiti, ya duka, ya Mtanzania yeyote. Wengine walimkumbuka. Hakuna aliyejua alikoteremkia.

Mama alifariki miaka mitatu baadaye, nyumbani, asubuhi, bila kusumbuka. Nilipiga simu Pemba, nikampigia kila mtu aliyestahili kujua, na mpaka saa nne nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake walipomaliza kumwosha, mmoja wa wazee wa msikitini akaja mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu wa kungojwa kabla ya kumpeleka. Wengi wao walijua mama ana mtoto wa kiume, na walikuwa tayari kungoja hadi alasiri.

Nikamwambia hakuna, shekhe. Mwanawe alimaliza kumlilia zamani.